Simu ya Zamani: Jinsi ya Kuitambua na Kujua Thamani Yake

Somo kwa vikundi vya kujisaidia



Somo la safari hii huenda likawachekesha wengine wenu. Tumezoea kusoma juu ya mbuzi wa maziwa, mizinga ya nyuki, mikopo na kuandika vitabu vya pesa. Leo tutasoma juu ya simu. Si hii ya mkononi tunayotumia kutumiana pesa, bali ile ya zamani, nzito, yenye waya na kengele, ambayo siku hizi watu huiweka sebuleni iwe pambo.

Ninayo sababu. Simu mbili za namna hiyo zimepita katika mikono ya watu ninaowahudumia. Moja iliuzwa, nyingine ikanunuliwa. Zote mbili zilituletea hasara, na ile ya pili nusura ivunje kikundi. Tukijifunza kutokana na makosa hayo, hasara haitakuwa ya bure.

KISA CHA KWANZA: SIMU YA MJANE

Mama mmoja mjane alikuwa na simu nyeusi juu ya kabati. Marehemu mumewe alikuwa karani katika shamba la mkonge, na shamba lilipofungwa aliruhusiwa kuondoka nayo. Siku moja akaja mtu na pikapu, ananunua chuma chakavu, betri zilizokufa na "vitu vya zamani". Akaiona ile simu, akatoa shilingi 800.

Mimi nilikuwa pale nyumbani. Mama akanigeukia akaniuliza, "Mwanangu, wewe umesoma, waonaje?" Nami nikajibu haraka, "Mama, chukua pesa. Hiyo simu haiongei tena." Akachukua.

Miezi kadhaa baadaye nilikuwa Nairobi, nikapita mbele ya duka la vitu vya kale. Nikaiona simu ile ile. Niliitambua kwa pembe yake iliyomeguka kidogo, tena chini yake palikuwa na namba ambayo marehemu alikuwa ameichora kwa rangi nyeupe. Karatasi ya bei ilisema shilingi 18,000. Nilisimama pale nikaona aibu. Sikuwa nimemwibia yule mama, lakini nilikuwa nimempa ushauri juu ya kitu nisichokijua.

KISA CHA PILI: SIMU YA "GAVANA"

Kikundi kimoja cha kina mama 12 kilikuwa na pesa kidogo kwenye sanduku. Mweka hazina wao, mtu mwaminifu na mwenye bidii, alikutana na kijana mmoja sokoni akiuza simu inayong'aa kama dhahabu, yenye mkono uliochongwa maua. Kijana akamwambia ilitoka nyumba ya gavana wa Mwingereza, na kwamba hoteli za Mombasa zingeinunua kwa shilingi 40,000. Lakini alikuwa na haraka, anasafiri jioni. Mama akaona asipoteze bahati ya wenzake. Akatoa shilingi 9,500 kutoka kwenye sanduku.

Simu ilikuwa mpya. Ilikuwa imetengenezwa juzi juzi ifanane na ya zamani. Mwishowe mwenye saluni aliinunua kwa shilingi 2,000 aiweke karibu na kioo. Wanakikundi wakaanza kunong'ona kwamba mweka hazina alikula njama na yule kijana. Mama akaacha kuja mikutanoni. Miezi mitano kiti chake kilikuwa kitupu.

Katika kisa cha kwanza tuliuza kitu cha thamani kwa bei ya kutupa, na katika cha pili tukanunua kitu cha kawaida kwa bei ya hazina. Ugonjwa ni mmoja: tulikubali bei kabla ya kujua tulichoshika mkononi. Haya, tuanze somo.

1. SIMU HIZI ZILITOKA WAPI?

Alexander Graham Bell alipata hati ya uvumbuzi wa simu nchini Marekani tarehe 7 Machi 1876. Kwa hiyo mtu akikuambia ana simu ya mwaka 1850, mpe kiti, mpe chai, lakini usimpe pesa.

Nyingi za simu za zamani zilizoko Kenya zilitoka viwanda vya Uingereza, kwa kuwa nchi ilikuwa chini ya Waingereza hadi 1963. Tunaweza kuzigawa katika mafungu manne.

(a) Simu ya kinara. Husimama wima kama kinara cha mshumaa. Mdomo wa kusemea uko juu, na cha kusikilizia kinaning'inia kwenye ndoano ubavuni. Ni ya miaka ya mwanzo ya 1900 hadi miaka ya 1930. Iliyo halisi ni adimu sana huku kwetu, na ndiyo huigizwa mara nyingi.

(b) Simu yenye mpini. Hii ina mpini mdogo ubavuni unaozungushwa. Ndani yake mna sumaku, na ukizungusha mpini unatengeneza umeme kidogo unaopiga kengele upande wa pili. Ilifaa mashambani, kwenye stesheni na mahali palipokuwa mbali na mji.

(c) Simu nyeusi ya bakelaiti. Bakelaiti ni aina ya plastiki ngumu iliyovumbuliwa mwaka 1907 na Leo Baekeland, mzaliwa wa Ubelgiji aliyekuwa akiishi Marekani. Posta ya Uingereza ilianza kutoa simu ya namna hii, namba 162, mwaka 1929. Umbo lake ni kama piramidi, na kengele yake ilikaa kwenye kisanduku cha peke yake. Mwaka 1937 ikaja namba 332, yenye kengele ndani yake. Umbo la hii ya pili lilitokana na kazi ya msanii wa Norway, Jean Heiberg, aliyoichorea kampuni ya Ericsson. Wazee wengi wakisema "simu ya ofisini" huwa wanaikumbuka ya namna hii.

(d) Simu ya plastiki nyepesi. Namba 706 ilitoka mwaka 1959, na namba 746 mwaka 1967. Zilikuja kwa rangi nyingi na zina waya wa kujikunja kama mkia wa nguruwe. Zilitengenezwa kwa wingi sana, kwa hiyo bado zinapatikana.

Jambo moja linalowapoteza wengi: simu isiyo na kisahani cha kuzungushia namba si lazima iwe imeharibika. Mahali palipokuwa na opareta, mtu aliinua mkono wa simu au kuzungusha mpini, opareta akaitika, akamwomba amuunganishe na namba fulani. Kisahani hakikuhitajika. Wengi wetu tunakumbuka barua zilizoandikwa juu kabisa "Simu: Namba 14" au "Simu: Namba 7". Basi huyo dalali anayesema "hii haina kisahani, imekufa, nitakupa mia mbili", pengine anajua vizuri asemalo, au pengine hajui. Wewe ujue.

2. KUITAMBUA: HATUA SITA

Fanyeni kazi hii mezani, mchana, pakiwa na mwanga, na kitambaa chini ili simu isikwaruzwe. Wanakikundi wote waone.

Hatua ya kwanza: Ipindueni. Watu hutazama uso wa simu, lakini ukweli wake uko chini. Tafuteni namba ya aina (kama 162, 232, 332, 706 au 746), herufi za kiwanda, na tarakimu mbili ambazo mara nyingi huonyesha mwaka. Herufi GPO ni za Posta ya Uingereza. Andikeni kila kitu kwenye daftari hata kama hamkielewi. Msikwangue namba zilizochorwa kwa mkono mkidhani ni uchafu. Namba ya yule karani wa mkonge ilikuwa historia ya simu yake.

Hatua ya pili: Ipimeni kwa mkono. Simu ya bakelaiti ni nzito, na hata mkono wake peke yake una uzito. Ile ya kuigiza mara nyingi ni nyepesi kama sahani ya plastiki, au imewekewa kipande cha chuma chini ili idanganye. Mkihisi uzito wote uko sehemu moja, na kwingine patupu, ulizeni kwa nini.

Hatua ya tatu: Isugueni na kuinusa. Sugueni mahali pamoja kwa kidole gumba mpaka papate joto, kisha nuseni haraka. Bakelaiti hutoa harufu kali kidogo kama dawa ya hospitali. Plastiki ya kawaida haitoi harufu hiyo. Tazameni pia mahali palipomeguka: bakelaiti humeguka kama chungu, haipindi. Wako watu wanaojaribu kwa sindano ya moto. Msifanye hivyo. Mtaacha tundu, na tundu hilo litawapunguzia bei.

Hatua ya nne: Wekeni sumaku. Chukueni sumaku ya spika ya redio mbovu. Simu ikisemekana ni ya shaba tupu, lakini sumaku ikashika kwenye mwili wake, hapo ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba. Vyuma vya ndani vinaweza kuvuta sumaku hata kwenye simu halisi, kwa hiyo jaribuni sehemu mbalimbali.

Hatua ya tano: Sikilizeni. Zungusheni kisahani polepole mpaka mwisho, kisha kiachieni. Kisahani kizuri hurudi chenyewe kwa mwendo mmoja, kikilia trrr bila kukwama. Kikikwama msikilazimishe. Tikiseni simu kidogo: kengele ya kweli italia ting, maana ndani mna vikombe vya chuma na kinyundo.

Hatua ya sita: Tazameni waya. Simu za zamani zaidi zilikuwa na waya uliofumwa kwa uzi, kama kamba ya kiatu. Baadaye ukaja wa mpira na wa kujikunja. Mwishoni mwa waya pakiwa na kile kichwa kidogo cha plastiki angavu kinachobofya kikiingia ukutani, hicho kilianza kutumika miaka ya 1970. Hakimaanishi kwamba simu yote ni mpya, maana fundi anaweza kubadilisha waya. Lakini andikeni: "waya si wa asili."

3. SIMU MPYA ILIYOVAA NGUO KUUKUU

Viwanda vya India, China na kwingineko hutengeneza simu za mapambo zinazofanana na za kale. Hilo si kosa. Mtu ana haki ya kutengeneza pambo na kuliuza kama pambo. Kosa ni kuliuza kama kitu cha kale. Hizi ndizo dalili:

- Vibonyezo vilivyopangwa kwa duara. Kwa mbali huonekana kama matundu ya kisahani, lakini havizunguki. Simu za vibonyezo zilianza kutolewa kwa wateja huko Marekani mwaka 1963.

- Nyota na heshi. Hizi tunazozibonyeza tukiweka salio ziliongezwa kwenye simu mwaka 1968. Simu yenye alama hizo haiwezi kuwa ya wakati wa vita vya Hitler.

- Kitambaa cha kijani kilichogundishwa chini. Si kila kitambaa ni hila, lakini kinaweza kuficha. Simu ya "gavana" ilikuwa na kitambaa hicho, na chini yake palikuwa na karatasi ya kiwanda yenye mstari wa tarehe. Hakuna aliyekifunua kabla ya pesa kutoka.

- Skrubu mpya zinazong'aa kwenye mwili uliochakaa, au uchakavu uliosambaa sawasawa kila mahali. Kitu kilichotumika kweli huchakaa pale palipoguswa: mahali mkono uliposhikwa, matundu ya namba, pembe za chini. Hata jembe lako huisha upande mmoja.

- Rangi iliyopakwa juu. Simu za namba 332 zilitengenezwa nyeusi, nyeupe ya pembe, nyekundu na kijani. Zile za rangi ni adimu kuliko nyeusi, na ya kijani ndiyo ngumu zaidi kupatikana. Kwa hiyo wajanja huchukua nyeusi wakaipaka rangi. Tazameni ndani na kwenye mikwaruzo: rangi ya kweli imeingia mpaka ndani, ile ya kupakwa huishia juu kama ngozi ya ndizi.

4. KUPIMA THAMANI

Tukishajua ni simu gani, ndipo tunaweza kuuliza ni ya bei gani. Wengi hudhani kitu kikiwa kikuukuu zaidi ndivyo kinavyokuwa ghali zaidi. Sivyo. Sufuria ya bibi yako ni kuukuu pia. Jiulizeni maswali haya sita.

Je, ni halisi? Hili tumelijibu kwa hatua za juu.

Je, ni adimu? Nyeusi ya kawaida ilitengenezwa kwa wingi, kwa hiyo bei yake ni ya wastani. Ya rangi, ya kinara, au ya mpini iliyokamilika huwa na bei ya juu zaidi.

Je, imekamilika? Kisahani, mkono, waya, kengele na kifuniko cha chini. Kila kinachokosekana kinapunguza bei, maana mnunuzi atalazimika kukitafuta kutoka simu nyingine.

Hali yake ikoje? Ufa, pembe zilizomeguka, kutu, na rangi iliyofifia kwa jua. Ufa unaoonekana mbele unaumiza bei kuliko ule wa chini.

Ina ushahidi gani? Simu yenye hadithi ni nzuri, lakini hadithi bila karatasi ni maneno tu. Tafuteni bili ya zamani, barua yenye namba ya simu juu, au picha ya mzee ameketi kando ya simu. Majina ya mashirika husaidia kujua miaka. Shirika la pamoja la posta na simu la Afrika Mashariki lilivunjika mwaka 1977 pamoja na Jumuiya. Baada ya hapo Kenya ikawa na shirika lake la posta na simu hadi 1999, lilipogawanywa. Kwa hiyo bili yenye jina la Afrika Mashariki inawaambia kwamba mwenyewe alikuwa na simu kabla ya shirika lile kuvunjika.

Nani anaihitaji? Laini za waya zimebaki chache vijijini, kwa hiyo hapa kwetu wachache hununua simu hizi kwa ajili ya kuongea. Wanunuzi ni wenye hoteli na mikahawa, watengenezaji wa filamu na maigizo, wakusanyaji wa vitu vya kale, na watu wanaopamba nyumba. Kama hakuna hata mmoja wao karibu nanyi, bei ya kwenu itakuwa ndogo mpaka mumfikie.

Bei ya dukani si bei yenu

Hapa nami nilijifunza. Nilipoona ile karatasi ya shilingi 18,000, nilifikiri mama mjane ameporwa shilingi 17,200. Baadaye nilikaa nikapiga hesabu vizuri. Mwenye duka analipa kodi ya nyumba, leseni na mshahara. Huenda alimlipa fundi asafishe na atafute waya. Huenda simu itakaa dukani mwaka mzima. Na ile 18,000 ni bei anayotaka. Mteja huenda akampa 12,000.

Tuchukue mfano tu. Simu ikiuzwa 12,000, fundi alilipwa 1,500, usafiri 500, na gharama za duka tuseme 4,000. Inabaki 6,000 ya kugawana kati ya mwenye duka na mwenye simu. Kwa hesabu hiyo, mama angeweza kupata shilingi 3,000 au 4,000 kwa haki kabisa. Hazifiki 18,000, lakini ziko mbali sana na 800.

Kwa hiyo ukitaka kujua bei, usiulize "wengine wanaitisha ngapi?" Uliza "ya namna hii iliuzwa ngapi?" Kijana wa kikundi mwenye simu yenye intaneti anaweza kuandika namba ya aina mliyoikuta chini, akatazama mauzo yaliyokwisha kufanyika. Bei za Uingereza si bei za kwetu, lakini zitawaonyesha ipi ni adimu na ipi ni ya kawaida.

5. JIHADHARINI NA UVUMI

Mwaka 2009 huko Saudi Arabia ulizuka uvumi kwamba mashine za kushona za zamani za Singer zina kitu cha thamani kubwa ndani yake, kinachoitwa zebaki nyekundu. Ati ukiweka simu ya mkononi karibu na mashine na mawimbi yakakatika, basi kitu hicho kimo. Watu wakakimbilia mashine, bei zikapanda kupita akili, hata polisi wakalazimika kuchunguza. Hakuna kitu kilichopatikana. Aliyenunua wa mwisho akabaki na mashine ya kushonea tu.

Uvumi kama huo husemwa pia juu ya redio na vyombo vingine vya zamani. Ndani ya simu ya kale mna sumaku, nyaya za shaba, kengele na chembe za makaa kwenye mdomo wa kusemea. Hamna dhahabu, hamna zebaki nyekundu. Msiivunje kutafuta. Mkivunja, mtakuwa na vipande tu.

6. KABLA YA KUUZA

Safisheni kwa kiasi. Tumieni kitambaa laini chenye unyevu na sabuni kidogo, kisha kikavu. Msiimwagie maji, msisugue kwa mchanga wala sufu ya chuma, msipake rangi. Shaba ya kale ikiwa na weusi wake, iacheni. Wakusanyaji wengi wanaupenda.

Hakikisheni ni yenu. Zamani wateja wengi walikodisha tu simu kutoka kwa shirika, na vyombo vya ofisi ni vya ofisi. Kama simu ilitoka shule, zahanati au shamba, pateni barua ya ruhusa. Na mtu akileta simu au nyaya usiku akitaka auziwe haraka, msiguse.

Jueni sheria. Sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006 inalinda vitu vya kale vilivyotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895. Simu ya bakelaiti ya mwaka 1937 haimo humo. Lakini mkifungua stoo ya mzee kutafuta simu mnaweza kukuta vitu vingine. Kumbukeni vigango vya Wamijikenda: viliibwa, vikauzwa ng'ambo, na baadhi vikarudishwa kutoka Marekani baada ya kazi kubwa. Mkiwa na shaka, ulizeni ofisi ya makumbusho iliyo karibu.

Tafuteni wanunuzi watatu. Msikubali bei ya kwanza siku hiyo hiyo, hata ikiwa nzuri. Anayesema "sasa hivi au basi" mwacheni aende. Kitu kilichokaa miaka 60 kinaweza kukaa wiki mbili zaidi.

Andikeni. Tarehe, namba ya aina, hali, bei, jina la mnunuzi, sahihi za watu watatu. Na pesa za kikundi zisitumiwe kununua kitu kama hiki kwa uamuzi wa mtu mmoja, hata awe mwaminifu namna gani. Kanuni hii inamlinda yeye kuliko inavyomfunga.

TULIVYOMALIZA

Kikundi cha wale kina mama hakikufa. Mzee mmoja jirani, kaka yake mwenyekiti, alitupa simu nyeusi ya namba 332 tujifunzie, akasema ikiuzwa tugawane nusu kwa nusu. Niliazima ile simu ya "gavana" kutoka kwa mwenye saluni, nikaweka zote mbili mezani. Nikawaomba kina mama waniambie ipi ni ya kale. Kati ya 11 waliokuwepo, 8 walichagua ile inayong'aa.

Pakawa kimya. Mwenyekiti akasema, "Kumbe hata sisi tungetoa zile pesa." Siku hiyo hiyo, mkutano ulipokwisha, walikwenda wote nyumbani kwa mweka hazina.

Simu nyeusi ilikuwa na ufa mdogo nyuma na waya usio wa asili. Wanunuzi watatu walitaja shilingi 1,500, 4,000 na 7,000. Tuliuza kwa 7,000 kwa mwenye mkahawa. Mzee akapata 3,500 na kikundi 3,500. Pesa zilizopotea hazikurudi zote, lakini tulijua jinsi tulivyozipata hizo.

Yule mama alirudi. Kazi ya kuweka hazina aliikataa, akasema wampe mwingine. Lakini siku hizi mtu akileta kitu chochote cha kuuza mbele ya kikundi, iwe ni simu, redio au debe la mbegu, yeye ndiye wa kwanza kukipindua atazame chini.

Kwa mama mjane nilikwenda pia. Nilimweleza yote, pamoja na ile karatasi ya 18,000. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia, "Zile 800 zilinunua sare ya mtoto. Lakini siku nyingine, mwanangu, kama hujui sema hujui." Sina cha kuongeza.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Je, kuna mtu kati yetu aliyewahi kuuza kitu kwa bei ya kutupa, au kununua kwa bei ya uongo? Nini kilimfanya akubali haraka?

2. Kwa nini simu isiyo na kisahani inaweza kuwa nzima?

3. Tofauti ni ipi kati ya bei inayoitishwa na bei iliyouzwa? Toeni mfano wa mahindi au ng'ombe.

4. Mwenzetu akifanya hasara kwa nia njema, kikundi kifanye nini kabla ya kumhukumu?

KAZI YA KUFANYA KABLA YA MKUTANO UJAO

Kila mmoja alete kitu kimoja cha zamani kutoka nyumbani: saa, taa ya chemli, redio, pasi ya makaa, au simu ikipatikana. Kipindueni, andikeni yaliyoko chini, muulizeni mzee wa nyumba kilitoka wapi na mwaka gani. Msikiuze bado.